Kipanya Kiko Kwenye Droo ya Bosi

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Shinyanga. Mbele yangu mama kutoka Maganzo, mtoto anahema mgongoni, alisubiri barua ya kumpeleka hospitali Mwanza. Barua ilishaandikwa, imo kwenye kompyuta. Ila bosi kila anapotoka hukichomoa kipanya na kukifungia kwenye droo, watu wasiichezee mashine yake. Siku hiyo alikuwa msibani Mwadui, na ufunguo mfukoni.

"Njoo kesho, mama," karani akasema bila kuinua macho.

Kesho! Mtoto yule alikuwa na kesho ngapi?

Mpiga taipu wao, mama wa makamo, akavuta kiti. Akabonyeza vitufe viwili viwili, kipanya hana. Barua ikafunguka. Akabonyeza tena, printa ikalia.

"Gonga muhuri," akamwambia karani. Kisha akamgeukia yule wa Maganzo: "Mwanangu, wahi basi."

Jana nilipita tena. Nilimkuta yule mpiga taipu anaandika barua ya onyo, ya kwake mwenyewe, kwa amri ya bosi: ametumia kompyuta bila kipanya, bila ruhusa.

"Kipanya kiko wapi?" nikauliza.

"Kwenye droo. Bosi ametoka. Amesema akirudi aikute tayari."