Mbavu za Mzee Abelardo

Zoila Chiluiza alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa akiwa nesi wa zahanati yetu ya Pucaloma, kijiji cha milimani, mambo haya yalipotokea. Mimi nilikuwa mfagiaji pale, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akikosa jibu. Alipenda utani, na watu walimpenda kwa hilo.

Siku moja ng'ombe alimbana Mzee Abelardo Toapanta kwenye nguzo ya zizi wakati anakamua. Mzee alikuwa na miaka sabini na miwili. Alikuja kwa miguu, mkono ubavuni. Picha ya eksirei aliyokuwa ametangulia kupigwa mjini ilionyesha mbavu mbili zimepasuka, lakini mapafu yalikuwa safi.

"Mzee wangu, hata ng'ombe wamekuchoka?" Zoila akamuuliza.

"Namnyima ndama wake maziwa. Ana haki yake," mzee akasema, akacheka, kisha akajikunja kwa maumivu.

Zoila alimzungushia bendeji pana kifuani, akaikaza kama alivyofundishwa zamani. Akampa vidonge. "Ulale wiki mbili, usijihangaishe." Hakumwambia avute pumzi ndefu kila mara, wala hakumpa siku ya kurudi. Nyuma ya mlango kulikuwa na karatasi ya mafunzo iliyosema kwamba mzee aliyevunjika mbavu zaidi ya moja aangaliwe tena baada ya wiki moja, na tena baada ya mbili, maana damu huweza kujikusanya kifuani polepole wakati mtu anadhani amepona. Zoila ndiye aliyeibandika. Hakuwa ameisoma mpaka mwisho.

Siku ya kumi na moja akaja Rosaura, binti wa mzee.

"Nesi, baba anahema kama katoka kupanda mlima, na hajainuka kitandani tangu jana."

Tulimkuta midomo imegeuka rangi. Tukampakia kwenye gari la maziwa hadi hospitali ya mjini. Daktari, kijana mpole, alikata ile bendeji, akampitishia mrija ubavuni. Damu ilitoka karibu lita moja na nusu.

"Nani alimfunga hivi?" daktari akauliza.

Rosaura akamtazama Zoila. Zoila akatazama sakafu.

"Watu wa huko juu hupenda kujifunga wenyewe," akasema.

Mzee alikuwa macho. Alisikia, akanyamaza. Na mimi pia nilinyamaza.

Kesho yake Rosaura alileta jibini na viazi zahanati, kumshukuru nesi kwa kumwahisha baba yake. Zoila alipokea kwa mikono miwili, akangoja binti aondoke, akanisukumia vyote. "Chukua wewe. Mimi havitapita kooni."

Siku ya nne tangu tumfikishe mzee hospitali, Zoila alishuka mjini, akaniomba nimsindikize. Alimkuta daktari kwenye korido.

"Ile bendeji niliifunga mimi."

"Nilijua," daktari akasema. "Fundo lile halikuwa la mtu wa shambani. Bendeji ilimzuia kupumua vizuri, lakini damu haikuletwa nayo. Kilichotaka kumuua ni kwamba hakuna aliyemwangalia tena."

Afadhali angemfokea. Zoila aliingia wodini, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mzee, nilikusingizia."

"Nilisikia. Nilikuwa mgonjwa, sikuwa kiziwi."

"Mbona hukusema?"

"Pumzi yenyewe ilikuwa kidogo, binti yangu. Niimalizie kwenye mambo yako?"

Zoila alilia pale pale, mbele ya wagonjwa sita wasiomjua.

Mzee alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, lakini pafu moja halikufunguka lote, na ng'ombe sasa wanakamuliwa na Rosaura. Zoila naye, mtu akigongwa kifua, hata akija anacheka, humwandikia arudi siku ya saba na ya kumi na nne, na asipokuja humfuata kwake. Wakimuuliza usumbufu huo wa nini, huwaeleza alivyomfanyia Abelardo, pamoja na ule uongo.

Kwa mzee hupita kila mwezi kumsikiliza kifua. Akifika husimama kwanza nje ya mlango, kitambo kirefu, ndipo abishe hodi.