Kinanda Kilichonong'ona Kilipogongwa

Radi ilikiunguza kinanda cha kanisa letu la Nyaramba Jumatano ya kwanza ya Aprili, saa tisa na robo alasiri. Wazee wa kanisa waliamua kitupwe. Niliwaomba wanipe mimi, kwa kuwa vibonyezo vyake vilikuwa vizima, na kwa kuwa nilikuwa na cheti cha elektroniki, nilichokipata nikiwa na miaka hamsini na minne. Siku ya kwanza ya masomo mume wangu alinisindikiza; siku ya kuhitimu nilikwenda peke yangu.

Walikubali kwa sharti moja: kijaribiwe mbele ya waumini Sabato ya mwisho ya Juni, na kikishindwa kiende jalalani.

Chini ya kila kibonyezo mna swichi mbili. Kidole kikishuka, ya kwanza hugusa, kisha ya pili; muda ulio kati ya miguso hiyo huonyesha nguvu ya kidole: ukiwa mfupi, kidole kimegonga kwa nguvu. Niliunda ubongo mpya wa kuupima muda huo na kuipelekea kompyuta nambari, nayo kompyuta ndiyo hutoa sauti. Nililehemu waya wa mwisho Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika kumi. Jua likishatua Sabato ingeanza na nisingeweza kugusa kazi, kwa hiyo nilivijaribu vibonyezo vyote sitini na kimoja kwa kidole kimoja na kwa nguvu ileile. Vyote vililia. Nikakifunika kwa kitambaa, nikaenda kuoga.

Kesho yake jirani yangu, mchuma chai ambaye ndiye mpiga kinanda wetu, aliupiga kwa upole wimbo wa maombi kanisani, mbele ya waumini. Kinanda kikanguruma. Alipokigonga kwa nguvu, kikanong'ona.

"Mama, kina kiburi hiki," aliniambia chinichini. "Kama aliyekiunda."

Mzee wa kanisa akasimama. "Vidole hivi vimezoea kuchuma chai. Huenda kosa ni la vidole."

Nilitamani sana iwe hivyo. Nikasimama pia.

"Vidole vyake havina kosa, mzee. Nimeufanya muda mrefu uwe sauti kubwa, na ilipaswa kuwa kinyume. Kosa ni langu."

Maneno hayo matatu sikuwa nimeyatamka tangu nimzike mume wangu, na hata kabla ya hapo si mara nyingi.

"Kulirekebisha ni siku ngapi?"

"Ni mstari mmoja wa programu, mzee. Lakini leo ni Sabato."

"Basi uamuzi ungoje jua litue."

Alasiri mzee na jirani walikirudisha kinanda sebuleni kwangu. Tulikaa tukikitazama kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Jua lilitua saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili. Mzee alifunga Sabato kwa sala iliyokuwa ndefu kuliko kawaida. Nikaubadilisha mstari. Jirani akagusa kibonyezo kimoja kwa ncha ya kidole.

"Mimi sisikii kitu," mzee akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa, mzee."

Akasogeza kiti hadi kwenye spika, akainama, akaagiza arudie. Jirani akarudia.

"Kitu kipo," akasema. "Kinanda kirudi kanisani."