Mrehani Uliokimbilia Dirishani

Rehani iliyokatwa kwa mkasi hunukia kwa ukali kuliko ile iliyoguswa na upepo tu, na kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri nyumba yetu ya Shela, Malindi, ilijaa harufu hiyo mpaka jikoni. Bibi, mamake mama yangu, alikuwa na mirehani tisa kwenye mikebe ya samli iliyotobolewa chini kwa msumari, yote imepangwa uani. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasema Bismillahi, akaanza kukata vichwa. Alikata juu kidogo ya pale majani mawili yanapoanzia, kwa kuwa hapo, alisema, shina moja likikatwa hutoka mawili. Vilivyokatwa havikutupwa. Alivipanga kwenye sinia, nami nikatumwa kwa majirani wavitie kwenye vikuba vyao vya Ijumaa, vile vishada vya maua na majani ambavyo wanawake wetu huvaa kwa ajili ya harufu. Hakuna aliyekataa, maana kwetu rehani hairudishwi.

Nilipokuwa na miaka minane, mama alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Asubuhi ya safari alichomeka kijiti cha rehani kwenye mkebe wa maziwa ya unga akanipa. "Nitunzie huu mpaka nirudi," akasema. Sasa nadhani alitafuta tu cha kuninyamazisha, maana nilikuwa nalia tangu alfajiri. Lakini mimi nililipokea neno lile kama amana. Kijiti kikashika, kikatoa majani, na Alhamisi moja Bibi alipoufikia mkebe wangu na mkasi wake, niliukumbatia. "Usiukate, Bibi! Huu ni wa mama."

"Ni wa mama ndiyo, lakini ni mrehani," akajibu. "Usipokatwa waenda juu, watoa maua, wakauka. Kwani wataka mamako aje akute ufito?"

Sikutaka kusikia. Mama alikuwa amekishika kijiti kile kwa vidole vyake. Nani angekitia mkasi? Nikauhamishia mkebe chumba cha ndani, alimokuwa akilala mama, chumba chenye giza na dirisha moja dogo lililo juu. Bibi aliona, akaguna, akaniacha. Mrehani ulirefuka kwa kasi iliyonitia wazimu wa furaha, nami nikajitungia ahadi yangu mwenyewe: ukilifikia komeo la dirisha, mama atarudi. Kila Ijumaa alipopiga simu nilimpa habari za urefu, umevuka kitanda, umefika ukingo wa dirisha, naye akasema mashallah, akaniuliza kama na mimi nimerefuka. Sikumwambia kwamba majani yalikuwa madogo na ya manjano, wala kwamba kati ya jani na jani palikuwa pengo la shubiri nzima. Shina halikuweza kusimama, nikalifunga kwenye msumari kwa uzi wa leso. Nilijua unaumwa, lakini niliogopa kwamba ukifupishwa tu, na safari ya mama itarefuka.

Siku moja nilirudi kutoka madrasa nikakuta mkebe uko uani, kwenye kivuli chepesi, na katika ule urefu wote vimebaki vidole vinne. Nililia mpaka nikatapika. Bibi alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mkasi mapajani. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema taratibu. "Nimekuchelea miezi minne, na mti wakufa." Hapo nikamwambia neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Afadhali ungekwenda wewe, akabaki mama!" Hakunipiga. Aliinuka akaenda kupika.

Siku tisa sikumwamkia. Katika nyumba yetu mtoto angesamehewa akivunja sahani, lakini si kumpita mkubwa asubuhi bila shikamoo. Bibi alisimama kidogo mlangoni pangu kila alfajiri, akingoja, kisha akaenda zake. Siku ya kumi niliona vitu viwili vya kijani vimechungulia pembeni mwa kile kisiki, vidogo mno. Nikapiga mbio jikoni. "Shikamoo Bibi, njoo uone!" Akajibu marahaba kabla sijamaliza, akaja na unga mikononi. Tangu siku ile alinifundisha kuufinya mrehani kwa kucha kabla haujatoa maua, kuugeuza mkebe kila juma usiinamie upande mmoja, na kuutia samadi ya mbuzi kutoka kijiji cha Ganda, kidogo tu.

Mama alirudi baada ya miaka miwili. Mrehani ulikuwa umefungamana, mpana kuliko sinia. Aliweka mizigo, akainama akaunusa, akamgeukia Bibi. "Mama, mrehani mzuri huu! Umeutoa wapi?"

Alikuwa amesahau; tangu ukatwe sikuutaja tena kwenye simu. Nilimtazama Bibi. "Ni wa mwanao," Bibi akasema upesi. "Kaulea mwenyewe." Hakutaja mkasi, wala chumba cha ndani, wala maneno niliyomwambia.

Siku hizi naishi Kilifi, ghorofa ya tatu. Kando ya barabara wanauza mimea ya ndani kwenye vyungu vya kung'aa, na rafiki zangu huinunua, huiweka pembeni mwa kabati, kisha huniuliza mbona imekuwa mirefu na myembamba. Nawaambia wakate, wananitazama kama katili. Mama ninaye, mzima, tunacheka pamoja. Yale tuliyoyakosa tumeyafidia. Ninayemtamani ni Bibi, aliyefariki kabla sijapata ujasiri wa kumwomba radhi. Ile miaka miwili niliihesabu kuwa miaka ya kumkosa mama. Leo naiona kuwa ndiyo miaka pekee niliyokuwa na Bibi peke yangu, nami nikaimaliza nikitazama dirisha.