Nusu Kichwa, Betri Mbili

Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni nilifika na kichwa kilichonyolewa nusu, na kosa lilikuwa langu. Nakiri mapema kwa sababu nimemsingizia kinyozi muda mrefu.

Mimi nauza sola mtaa wa Hai Amarat. Mjomba wangu alikuwa amenipamba kwa wakwe kwamba ni injinia wa umeme, nami sikukanusha, maana sifa ni tamu. Asubuhi ile nilivuka daraja la mto kwenda mtaa wa Gumbo kwa kinyozi wangu, Mganda ambaye mashine yake hutumia betri ya gari na inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Alipomaliza upande wa kushoto, betri ikaisha.

"Mimi iko na betri ingine," akasema. "Nafunga pamoja na hii namna gani?"

Mtu mwenye akili angeunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Volti zingebaki kumi na mbili, chaji ndiyo ingedumu. Mimi injinia nikamwamuru aunge chanya ya hii na hasi ya ile, ili umeme usukumane vizuri. Volti zikakaribia ishirini na nne. Inveta ikalia pa, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Kinyozi akashika wembe, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye inveta yake. Nikaona afadhali nusu kichwa kuliko nusu sikio. Nikanunua kofia barabarani, nikaenda.

Sikukumbuka kwamba kikao kile kingeanza kwa sala, na kwetu mwanamume hasali na kofia. Shangazi wa binti niliyekwenda kumposa aliposema tuombe, nikavua. Sijawahi kusikia sala fupi kama ile. Mjomba, aliyekuja kunisemea, naye alikaa kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Baba mkwe akauliza kulikoni. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto, lakini nilieleza yote: betri, moshi na ujinga wangu. Ndipo binti akaitwa, kama ilivyo desturi, aulizwe mbele ya wazee kama anamjua mtu huyu. Akikana, mambo yameisha. Niliogopa kweli.

Akanitazama upande wenye nywele, kisha ule usio nazo.

"Namjua, baba," akasema. "Lakini asiguse waya nyumbani kwangu."

Huu ni mwaka wa nne tangu tuoane. Taa ikizimika, mimi hutumwa maji.