Tochi ya Kumulika Ubavuni

Jina la Kurunzi alipewa na fundi cherehani wa chumba cha jirani, mtu asiyeweza kukaa bila kumpachika mwenzake jina, na likamganda mpaka wateja wakadhani ndilo alilozaliwa nalo. Hakununa. Mwanamke anayeshinda akichokonoa matumbo ya tochi ataitwa nini kingine? Chumba chake cha kazi kilikuwa na mlango wa kutazama mtaa, meza iliyobabuliwa na pasi ya kulehemu, na makopo ya vipuri ambayo yeye peke yake alijua lipi lina nini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu ananunua tochi ndogo dukani, boksi linajigamba kwamba inamulika mbali sana, na kweli inamulika: inatupa kiduara cha mwanga kule mwisho wa uchochoro, na hapa miguuni mwenye tochi anakanyaga asichokijua. Tochi za namna hiyo zilimuudhi Kurunzi. Alisema zimeundwa na mtu anayedhani binadamu anatembea ndani ya bomba. Basi alizifungua. Kile kikombe cha ndani kinachokusanya mwanga na kuusukuma mbele, alikipiga msasa mpaka kikaacha kung'aa. Kioo alikitoa, akaweka kipande cha plastiki nyeupe alichokikata kwenye dumu la maziwa, ili mwanga utawanyike. Na kwa kuwa mwanga ni kama siagi, ukiupaka kwenye mkate mkubwa unakuwa mwembamba, ilibidi atie balbu kali zaidi, betri ya kuilisha, na nyuma ya balbu kipande cha sufuria kuukuu cha kunyonya joto. Bila hicho tochi ingejipika yenyewe. Wauguzi wa zamu, mafundi bomba na wafugaji wa kuku walimjia kutoka mitaa ya mbali, na waliporudi walirudi na wenzao.

Kupima alipima kwa njia yake. Nyuma ya chumba cha kazi kulikuwa na chumba kingine, dirisha lake limefunikwa kwa blanketi jeusi, na katikati ya ukuta mweupe amepigilia msumari. Mteja anakaa kwenye benchi mkabala na ukuta, tochi imefungwa juu ya kigoda mbele yake, na anaambiwa atazame msumari, macho yasicheze. Kurunzi anasimama ukutani na chaki, anaisogeza taratibu kutoka msumarini kwenda pembeni. Mteja akiacha kuiona chaki anasema "hapo," na hapo Kurunzi anaweka alama. Kisha upande wa pili. Mtu anayetembea gizani anatazama mbele, alikuwa akieleza, na shimo linamjia kutoka ubavuni. Kwa hiyo tochi haipimwi kwa macho yanayotangatanga.

Katika kupima huko alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa mteja mbishi. Neno la aliye benchini ndilo neno. Yeye mwenye chaki yuko karibu mno na ukuta, mwanga unampiga usoni, hawezi kuamua. Aliye benchini akisema mwanga umeishia hapo, umeishia hapo, na kazi inarudi mezani. Sheria nzuri kabisa, na ndiyo iliyomponza.

Aliishi na dada yake. Mama yao alipofariki Kurunzi alikuwa bado hajui hata kujisuka, na dada ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamgombeza, na mpaka leo hakuwa ameacha kumgombeza. Dada alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya vipuri vya mashine. Ghala halikuwa na dirisha, rafu zilipanda mpaka darini, na nusu ya taa za juu zilikuwa zimeungua bila mtu kushughulika nazo. Humo dada alijua boliti ya kila namna inalala wapi. Mafundi walimwogopa na kumheshimu, na yeye alipenda vyote viwili.

Siku hizo mambo yakaanza kumwendea kombo. Aligonga rafu kwa bega, boksi la beringi likamwagika. Akajikwaa kwenye ngazi iliyokuwa imeegemezwa mahali pake pa siku zote. Halafu kijana wa toroli akamjia kutoka kushoto, na dada, badala ya kumpisha, akaingia moja kwa moja mbele ya toroli na kuanguka. Bosi wa ghala, mtu mpole, alimwita ofisini.

"Mama, mimi nakuheshimu," alimwambia, "lakini ikitokea tena, itabidi nikutoe humu. Na nikikutoa humu sina pa kukuweka."

Dada alirudi nyumbani, akavua viatu, akaketi mezani pa Kurunzi bila kusalimia.

"Nitengenezee tochi ya kumulika ubavuni," alisema. "Ghala ni giza. Nikipata mwanga wa pembeni hakuna atakayenisogeza pale mpaka nistaafu."

Kurunzi alifurahi. Huyu ndiye dada aliyekuwa akimuuliza kila mwaka ataacha lini kuchezea takataka za watu, na leo amekuja mwenyewe kuomba. Akachagua tochi bora aliyokuwa nayo, ya bati nene, ya kuvaa kifuani kwa mkanda. Akaipiga msasa kama anayemwandalia bibi harusi. Ilipokuwa tayari akamketisha dada benchini.

"Tazama msumari."

"Naujua msumari, mdogo wangu. Nilikuwepo ulipoupigilia vibaya."

Chaki ikaenda kulia, ikafika mbali, dada akasema hapo. Ikaenda kushoto, haikufika hata nusu ya njia.

"Hapo," alisema dada.

Kurunzi akatazama ukuta. Kwa macho yake mwanga uliendelea mpaka kwenye kona. Lakini yeye alikuwa ukutani, na neno ni la aliye benchini. Plastiki ni nene upande mmoja, aliamua, na tochi ikarudi mezani. Akaigeuza plastiki. Upande ule ule. Akakata plastiki nyingine kutoka dumu jipya. Upande ule ule. Balbu imelala, akasema, akaichomoa na kuilehemu upya, akaunguza kidole na kuitukana balbu. Bado dada alisema hapo, pale pale. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Huyu mkulima wetu alilaumu jembe, akalaumu mpini, akalaumu na mchonga mpini, shamba hakulitazama.

Hata hivyo tochi ilikwenda kazini, kila mara ikiwa na nguvu zaidi, na dada aliisifu. Alisema sasa anaona vizuri. Hakugonga rafu tena, maana alikuwa amejifundisha kugeuza shingo kila baada ya hatua kadhaa kama kuku anayevuka barabara, na kijana wa toroli alikuwa amejifundisha kupiga kelele. Nyumbani aliangusha kikombe mchana kweupe, kikombe kilichokuwa karibu na mkono wake wa kushoto, akamgombeza Kurunzi kwa kukiweka vibaya. Kurunzi aliomba radhi na kufagia vigae. Miezi ikapita hivyo, msasa ukiisha na kununuliwa mwingine.

Aliyeufumbua mchezo alikuwa fundi cherehani, na hakujua kama ameufumbua. Umeme ulikuwa umekatika mchana, akaja kuazima tochi ili amalizie sare za shule zilizokuwa zikisubiriwa. Iliyokuwa tayari ni ya dada tu, imerudi mezani kwa mara nyingine. Kurunzi akaona ni nafasi.

"Kaa benchini kwanza, jirani. Inanisumbua kushoto."

"Mimi na wewe chumba cha giza, watu watasema," alisema fundi cherehani, akakaa.

Chaki ikaanza safari. Ikapita alama ya dada, na fundi cherehani kimya. Ikapita mbali zaidi. Kurunzi akafika kwenye kona, akaanza na ukuta wa pili.

"Mbona husemi hapo?"

"Niseme hapo ya nini? Nakuona wewe, naiona chaki, nauona na mtandao wa buibui ambao hujausafisha. Unataka nidanganye?"

Kurunzi alisimama na chaki yake. Akampa jirani tochi, akamwambia aende tu, ataidai baadaye, na fundi cherehani akaondoka akinung'unika kwamba leo hata hakutukanwa.

Dada alipotoka kazini alikuta blanketi jeusi limeondolewa dirishani. Jua la jioni lilijaa chumba kizima, hata vumbi lilikuwa likionekana.

"Kaa, dada."

"Unapima nini kwenye jua? Tochi iko wapi?"

"Kaa tu. Tazama msumari."

Pengine ni sauti iliyomfanya dada atii, maana hakuwa amezoea kuisikia ikitoka kwa mdogo wake. Aliketi, mkoba mapajani, akatazama msumari. Kurunzi akaenda na chaki kushoto, polepole kuliko siku zote, na huku akienda alikuwa akiomba kimoyomoyo dada asiseme neno. Ilipofika kwenye alama zile za zamani, ambazo zilikuwa zimerundikana mahali pamoja, dada alisema, "Hapo."

Alilisema kwa mazoea. Kisha akalisikia. Akageuza kichwa, akaiona chaki, akauona ukuta mweupe uliokuwa ukiwaka jua kutoka pembe hadi pembe. Mtaani mtu alikuwa akibishana na mwenye baiskeli.

"Si tochi," alisema Kurunzi. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Miezi yote hii nasugua tochi, dada, na wala si tochi."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu ile ya kwanza." Dada aliukaza mkoba mapajani. "Ulivyofungua na kufunga nikajisemea, labda huyu mtoto anajua kitu, labda kweli ni balbu. Ukisema tochi inapona, na mimi niko mzima. Ningekwambia, ungenipeleka hospitali. Hospitali wangeniandikia nisipande ngazi. Halafu ghala ningelifanyaje?"

Kuna methali inayosema mficha maradhi kifo humuumbua, na dada mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasomea watu methali hiyo kila walipokohoa. Kurunzi hakumkumbusha. Alijisikia vibaya kiasi cha kutosha. Yeye ndiye aliyekuwa amempa dada mahali pa kujificha, akapaongezea na mwanga.

Walikwenda kliniki ya macho kesho yake asubuhi. Daktari, mwanamke asiye na maneno mengi, alimwekea dada kidevu kwenye mashine yenye bakuli jeupe ndani, akamwambia atazame nukta ya katikati na abonyeze kitufe kila akiona kimulimuli pembeni.

"Mbona hii naijua," alisema dada akiwa bado ndani ya bakuli, na daktari akamwomba asiongee.

Majibu yalikuwa mepesi kueleweka. Presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeliwa sehemu kubwa, na la kulia lilikuwa limeanza kuguswa. Kilichokwenda hakirudi, alisema daktari, wala kwa dawa wala kwa upasuaji. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone ya kila siku, bila kuruka hata siku moja, maisha yote.

"Tungekuja mapema?" aliuliza Kurunzi.

Daktari alimtazama, akaona wazi anaulizwa kwa sababu gani, na hata hivyo alimjibu ukweli. "Jicho la kushoto lingebaki na nuru zaidi."

Dada aliuliza habari za ngazi. Akaambiwa asipande tena. Akaitikia kwa kichwa, akasema yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza bosi, hataki kusemewa na mtu, na kama kuna kiti cha mapokezi ya mizigo pale mlangoni penye mwanga atakiomba, na kama hakuna basi. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ya kuhesabu boliti. Akatia chupa ya matone kwenye mkoba, akaufunga, akaufungua kuhakikisha imo, akaufunga tena.

Walirudi kwa miguu kwa sababu dada alikataa kupanda chochote. Njia ilikuwa na watu wengi, wauza nguo wametandaza mizigo mpaka barabarani, pikipiki zinapenya mahali pasipopenyeka. Kurunzi alishika upande wa kushoto wa dada, karibu kabisa, kumkinga na kila kinachokuja kutoka huko. Alikuwa akizungumza mfululizo: habari za kiti cha mlangoni, habari za kuweka matone kwenye rafu ya jikoni wasiyasahau, habari ya kwamba kuanzia sasa vikombe vyote vitakaa kulia. Alizungumza kwa sababu akinyamaza angelia tena mbele za watu.

Dada alikuwa akigeuza shingo, akirudisha, akigeuza. Mbele ya duka la magodoro akasimama.

"Mdogo wangu."

"Nipo, dada. Nipo hapa."

"Huko ulipo sikuoni," alisema dada, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Akanyoosha mkono wa kulia. "Njoo upande huu."

Kurunzi akazunguka kwa nyuma, akaenda kulia, na dada akamshika mkono.