Siku Waliyonifungia na Soda

Dada yangu alipoolewa, mimi nilifungiwa stoo. Nina kifafa tangu utotoni. Ndicho kilichoninyima shule, na siku hiyo kikaninyima na harusi. Wakwe walikuwa wameambiwa baba ana binti mmoja tu.

"Ukitoa sauti, ndoa imevunjika," shangazi alinionya. "Nani ataoa penye kifafa?" Akafunga kufuli, ufunguo akautia kifuani.

Sherehe ilikuwa nyumbani kwake. Stoo ilikuwa na giza, kreti za soda zimepangwa hadi karibu na dari. Nje vigelegele havikatiki. Mimi nilikuwa nauchunga mkono wangu wa kushoto. Kwangu kifafa hubisha hodi kwanza: vidole vinakufa ganzi, halafu ulimi unakuwa mzito. Nikianguka pale, ama kreti zinaniporomokea, ama wakwe wananisikia nikipiga sakafu kwa visigino. Nikazisogeza ukutani moja moja, polepole, chupa zisilie.

Vidole vikaanza.

Hapo hapo nikamsikia mama yake bwana harusi mlangoni. "Wageni wana kiu. Soda ziko wapi?"

"Ziko stoo, mkwe wangu," shangazi alijibu. "Ila ufunguo... sijui nimeuweka wapi."

"Wewe nawe! Soda za harusi unazifungia, unataka zinywewe na panya? Leteni nyundo!"

Watu wakacheka. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi ilibaki kidogo tuumbuliwe na soda. Katika werevu wao wote, hakuna aliyekumbuka kwamba zitanywewa. Nyundo ikaanza kupiga, na kila pigo nililisikia kwenye meno. Nilimwomba Mungu anichukue kabla kufuli halijakatika.

Likakatika. Mwanga ukanipiga machoni. Mama yule akanitazama nilivyojikunja, jasho linanitiririka. Nyuma yake alisimama dada yangu na shela lake, macho yamemtoka.

"Na huyu?"

Dada ndiye aliyejibu. "Msichana wa kazi. Mvivu huyo, kaja kujificha alale."

"Haya, inuka mwanangu, bebea watu soda."

Nikainuka. Nilipita na kreti kichwani katikati ya wageni, vidole sivisikii, na baba akanipisha kama hanijui. Sikuanguka. Mpaka leo sijui ni nini kilichonishikilia.

Walipokuwa wanaagana, mama yule akasema, "Binti huyu ana nguvu. Aende na bibi harusi akamsaidie."

Hakuna aliyethubutu kukataa. Wangesema nini?

Watoto wote wa dada yangu nimewafulia nepi mimi, na wamekua hawajui kwamba mimi ni mama yao mdogo. Mkwewe sasa ni kikongwe, analala chumba cha pili, masikio yake makali kama ya paka. Vidole vikianza kufa ganzi, nakimbilia bafuni na kujaza taulo mdomoni. Dada hunifuata, akafungua bomba mpaka mwisho, maji yaanguke kwenye ndoo kwa kishindo, bibi asinisikie.