Mtani Aliporudi Kutoka Kozi

Mkutano wa kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Magole, ulipitisha kwamba hakuna kumtunza mgonjwa wa akili bila kwenda kozi hospitalini. Nilinyoosha mkono kukubali. Mhudumu wetu wa zahanati naye alinyoosha, ingawa ni yeye tu ambaye sheria ilimgusa.

Mjomba wangu alikuwa mgonjwa wake. Kabla ya kozi, mjomba akichachamaa, mhudumu alimfunga kamba kwenye nguzo. Lakini pia ukoo wake na wetu ni watani, na kila asubuhi aliingia akisema, "Hujafa tu? Na jembe la kaburi nimeshalinoa." Mjomba alimtukana, kisha akanywa uji.

Mhudumu akaenda, akarudi. Kamba akaitupa, na nisiseme uongo, hilo lilikuwa jema kubwa. Ila sasa aliingia polepole, akakaa kitako, akauliza, "Ndugu yangu, leo unajisikiaje?"

Mjomba akageukia ukutani. Uji ukapoa. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Mbavu zikaanza kuhesabika.

"Mjomba, kula," nikamsihi.

"Nimemkosea nini yule?" akaniuliza. "Mtani asipokutania, ujue ana kinyongo."

Nikamfuata mhudumu zahanati. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza.

"Kule tulikatazwa kumcheka mgonjwa," akasema. "Na kweli, wapo wanaowacheka vibaya. Nimewaona."

"Na utani ni kucheka?"

"Hawakuuliza. Na mimi sikusema."

Kesho yake alisimama mlangoni. "Uji huo kama huutaki, nipe mimi. Ukoo wenu tangu lini mkajua chakula?"

Mjomba akageuka, akavuta bakuli kifuani. "Kozi yote hiyo, na bado una njaa?"

Akanywa. Mhudumu akakaa kitako vilevile alivyofundishwa, akamwuliza alilalaje, na safari hii mjomba akamjibu.

Katika mkutano uliofuata mwenyekiti aliuliza kama sheria ile ifutwe au ibaki. Nikasema ibaki. Nilitaka kuongeza neno kuhusu utani, nikakaa. Mpaka leo sijui ningelisemaje, maana mtu akiamriwa kutania, huo ni utani kweli? Nilipofika nyumbani nikamwuliza mjomba.

"Mwulize yule mwenye njaa," akasema, akaninyooshea bakuli nimwongezee.